Msemaji wa Mtumishi

Mwenye kutaka kupima insafu ya nchi katika mambo ya kazi asianze kwa kuuliza kiasi cha ujira unaolipwa mashambani na viwandani mwake, kwa kuwa ujira hupanda na kushuka kwa bei ya soko na kwa tamaa ya wenye mali. Aulize kwanza, mtumishi akikorofishana na tajiri wake na shauri likafika mbele ya mwamuzi, ni nani anayesimama ubavuni mwa yule mnyonge na kumsemea. Leo jibu laonekana jepesi. Katika ofisi za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, zikiwa za Dar es Salaam, Tanga au Mwanza, mdai aweza kuja na wakili wake na mdaiwa naye akaja na wake, na wako wanasheria waliofanya mashauri ya kazi kuwa ndiyo fani yao na riziki yao ya kila siku. Walakini mtu huyu ni mgeni wa juzi. Kwa muda wa miaka takriban 80, tangu sheria ya mabwana na watumishi ya 1923 hadi sheria ya ajira ya 2004, wakili aliwekwa mbali na ugomvi wa mfanyakazi wa Tanganyika na wa Tanzania, mara kwa umaskini wa mdai, mara kwa ukarimu wa serikali uliojaa mashaka, na mara kwa kufukuzwa wazi wazi kwa maandishi ya sheria.

Shauri la kwanza la kazi katika pwani yetu, nionavyo mimi, lilikuwa shauri la uhuru. Tarehe 6 Aprili 1897, Seyyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Unguja, akiwa chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu yake ya kisheria katika Unguja na Pemba. Amri ile haikumfanya mtumwa kuwa huru kwa kutangazwa kwake tu. Ilimtaka aende mwenyewe mbele ya mahkama, ataje jina lake na la bwana wake, adai uhuru wake kama mtu adaivyo deni, na zaidi ya hayo aonyeshe kuwa ana makazi na njia ya kuishi, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana aliyepungukiwa na watu kwa sababu hiyo aliweza kulipwa fidia na serikali, lakini yule aliyelima mikarafuu miaka yake yote bila ujira hakuandikiwa hata pesa moja. Haishangazi basi kwamba wengi waliona afadhali kutokwenda mahkamani, wakabaki katika mashamba yale yale kwa mapatano ya kumfanyia bwana siku kadhaa za juma badala ya kiwanja na shamba la muhogo. Katika pwani ya Kenya jambo kama hilo lilifika mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922, baada ya Wajerumani kuondoka. Nao Wajerumani, kwa upande wao, hawakuwa na haja kubwa ya mashauri, maana sheria yao iliruhusu mtumishi mkaidi achapwe kiboko, na wazee wa bara na pwani waliihifadhi hesabu ya fimbo zile, hamsa ishirini, katika vinywa vyao hata baada ya miaka mingi.

Waingereza waliweka kalamu mahali pa kiboko. Sheria yao ya 1923 kuhusu mabwana na watumishi wenyeji ilikuwa na sura ya mkataba, kwa kuwa ilitaja ujira, muda, chakula na matibabu, na kwa mikataba mirefu iliyoandikwa ilitaka ofisa wa serikali ashuhudie kwamba mtumishi ameelewa alichokubali. Lakini chini ya sura hiyo palikuwa na mifupa ya sheria ya jinai. Mtumishi aliyekimbia kazi kabla ya muda wake kwisha, au aliyekosa kufika bila ruhusa, au aliyelewa saa za kazi, au aliyemjibu bwana wake kwa maneno ya ufedhuli, hakuwa amevunja mapatano tu, bali alikuwa ametenda kosa ambalo hakimu aliweza kumtoza faini au kumtia gerezani kwa ajili yake. Tajiri naye alikuwa na makosa yake, hasa kuzuia ujira, lakini yeyote aliyepata kuishi katika wilaya ya mashamba zama zile atajua ni upande gani uliokuwa na nafasi ya kwenda bomani kushtaki, na ni upande gani uliohitaji kuomba ruhusa ya kutoka kazini ili akashtaki. Hakimu mwenyewe alikuwa ndiye bwana shauri wa wilaya, ambaye asubuhi alikusanya kodi, mchana alisimamia barabara na jioni aliweza kualikwa kunywa chai katika nyumba ya meneja wa shamba. Hakuna aliyemkataza mtumishi kuja na wakili mbele yake. Lakini mawakili walikuwa wachache, wengi wao Wazungu na Wahindi waliokaa Dar es Salaam, Tanga na miji mingine michache, na ada ya siku moja ya mmoja wao ilishinda mshahara wa mkata mkonge wa miezi mingi. Katika mabaraza ya wenyeji, ambako mtu wa kawaida alizoea kupeleka daawa zake nyingine, mawakili walikatazwa kabisa.

Inafaa kusimama kidogo katika mashamba ya mkonge, maana huko ndiko kazi ya ujira ilikokuwa na watu wengi kuliko mahali pengine popote Tanganyika. Kipande cha mkonge, ambacho vijana wa leo hukichanganya na kile cha Kenya kilichovaliwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma, kilikuwa kadi yenye vyumba 30. Kila chumba kilikuwa siku moja ya kazi iliyotimia. Mkataji alikwenda kondeni alfajiri na kisu chake, akakata majani, akayaondoa miiba ya ncha, akayafunga matita ya majani 30 kila moja, akayapanga kando ya reli ndogo iliyoyapeleka korona, yaani kiwandani. Mnyapara alipopita kuhesabu, aliyetimiza kadiri yake alitiwa alama katika chumba cha siku ile, na aliyepungukiwa kwa matita machache alirudi kambini na chumba kitupu, ingawa jua lilimchoma sawasawa na mwenzake. Kadi ilipewa siku 42 ijae. Mshahara uliingojea kadi, wala haukuujali mwezi ulioandama. Sasa mfikirie mtu aliyeletwa kutoka Kigoma, Songea au Urundi, hasa baada ya 1944 wakati wenye mashamba walipounda shirika lao la kuajiri, SILABU, lililowasomba manamba kwa malori na garimoshi: huyo akiona mnyapara amemdhulumu vyumba vitatu, atamwambia nani? Ushahidi wote wa kazi yake ulikuwa katika kadi iliyotiwa alama na huyo huyo anayemlalamikia. Wakili bora wa Uingereza, hata kama angepatikana bure, angetatizika na shauri lenye shahidi mmoja naye ni adui.

Serikali haikuwa pofu kwa mambo haya. Mwaka 1926 iliunda Idara ya Kazi, makao yake yakiwa Morogoro, chini ya Meja Granville Orde-Browne, mtu aliyeichukua kazi yake kwa moyo, ambaye maofisa wake walikagua kambi, vyoo, maji na chakula cha watu waliokuwa njiani kwenda mashambani, na ambaye baadaye, mwaka 1933, aliandika kitabu juu ya mfanyakazi wa Kiafrika kilichosomwa sana na watawala. Lakini biashara ya dunia ilipoanguka, idara hiyo ilionekana kuwa anasa, ikafungwa mwaka 1931. Ikabidi kusubiri miaka kadhaa, na migomo, ili ifufuliwe. Katika idara ile ndipo alipozaliwa afisa kazi, na huyu ni mtu wa kumtazama vizuri katika historia yetu, kwa sababu tangu hapo, kwa bendera ya kigeni na kwa bendera ya uhuru, yeye ndiye aliyetarajiwa kuwa mlezi wa mfanyakazi: asikilize malalamiko yake, ampigie simu tajiri, amkokotolee likizo na notisi yake, na akiona inafaa, ampeleke mwajiri kortini. Wengi wao walifanya kazi hiyo kwa uaminifu. Ila mlezi hatoi hesabu kwa anayelelewa. Hutoa hesabu kwa aliyemweka.

Sauti ya kwanza ya wafanyakazi wenyewe haikusikika mahakamani, ilisikika bandarini. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na Septemba 1947 mgomo wao ukaifuata reli ya kati mpaka bara, ukawagusa watu ambao hawakupata kuona meli. Kule Mombasa, Januari mwaka huo huo, watu wapatao 15,000 waliacha kazi kwa siku kumi na kitu. Walikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini, wakimsikiliza Chege Kibachia na wenzake wa chama cha wafanyakazi, hadi Eliud Mathu, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alipowashawishi warudi kazini kwa ahadi kwamba baraza la uamuzi litaundwa. Liliundwa kweli, na mkuu wake alikuwa Jaji Thacker, yule yule ambaye baadaye alimhukumu Makhan Singh, mwasisi wa vyama vya wafanyakazi Nairobi, na ambaye hatimaye alikaa Kapenguria kumhukumu Jomo Kenyatta. Ujira uliongezwa, na Kibachia akakamatwa Agosti mwaka huo, akapelekwa Baringo, akakaa huko miaka kumi. Makhan Singh alizuiliwa tangu 1950 hadi 1961. Dar es Salaam nako makuli waliounda chama chao mwaka 1947, na kumpata kijana Abdulwahid Sykes awe katibu wao, walikiona chama kile kikivunjwa baada ya mgomo wa Februari 1950 kugeuka mapambano na polisi. Namna ya kutatua mashauri ilikuwa ndiyo hii: kwanza watu wagome, kisha baraza likae, kisha ujira upande, kisha msemaji wao aondolewe. Sheria ilimjua mwamuzi na iliwajua wagomvi. Msemaji ilimjua kama mchochezi.

Mwaka 1955 vyama vya Tanganyika viliungana katika shirikisho, TFL, na Rashidi Mfaume Kawawa akawa katibu mkuu wake. Miaka sita iliyofuata ndiyo iliyokuwa ya raha kwa wasemaji wa wafanyakazi. Karani aliyejua kusoma sheria ya ajira ya 1955, iliyochukua mahali pa ile ya 1923, aliweza kumkabili meneja mezani na kumwonyesha kifungu. Akina bibi na mabwana waliosusia bia mwaka 1958 ili kuwaunga mkono wafanyakazi wa kiwanda cha pombe hawakuhitaji hati ya wakili. Siasa na kazi zilishikana mikono, na aliyemsemea mfanyakazi alikuwa ndiye anayeisemea nchi.

Hapo ndipo ulipofichika mwiba. Nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, waliokuwa wasemaji wakawa watawala, na watawala wakauona mgomo kwa macho mengine. Mwaka 1962, Kawawa akiwa Waziri Mkuu na Michael Kamaliza, naye mtu wa TFL, akiwa Waziri wa Kazi, Bunge lilipitisha sheria ya utatuzi wa migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno kufikiwa. Waliopinga walikiona: mwanzoni mwa 1963 Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, alipelekwa Sumbawanga akae huko. Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walitiwa ndani, TFL ikavunjwa kwa sheria, na mahali pake pakawekwa chama kimoja, NUTA, ambacho katibu mkuu wake alikuwa Waziri wa Kazi mwenyewe. Mwenye shauri na mwenye kuamua shauri walikuwa sasa chini ya paa moja.

Lakini mwaka ule ule wa 1964 ulileta jambo ambalo mwandishi mwenye insafu hawezi kulipita kwa haraka, nalo ni Sheria ya Usalama wa Ajira. Hadi wakati huo tajiri aliweza kumfukuza mtumishi kwa notisi ya siku chache, au papo kwa papo kwa neno lolote alilolitaja kuwa ni utovu wa nidhamu. Sheria mpya iliweka kanuni za nidhamu zenye orodha ya makosa na adhabu yake, kuanzia onyo, karipio, karipio kali na faini hadi kufukuzwa, kila kosa kwa daraja lake na kwa idadi ya mara lilivyorudiwa. Iliunda kamati za wafanyakazi ndani ya sehemu za kazi, ambazo mwajiri alitakiwa kushauriana nazo kabla ya kutoa adhabu kubwa. Na aliyeona amefukuzwa bila haki alipewa njia ya kwenda Baraza la Usuluhishi la wilaya, ambalo lingeweza kuamuru arudishwe kazini. Kurudishwa kazini! Korti za kawaida, kwa sheria zilizorithiwa Uingereza, hazikuwa na desturi hiyo. Upeo wao ulikuwa kumpa mtu mshahara wa notisi na kumwambia akatafute kwingine.

Baraza lenyewe lilikuwa jambo la watu watatu mezani. Katikati afisa kazi, mwenyekiti. Upande mmoja mtu wa waajiri. Upande wa pili mtu wa NUTA. Mfanyakazi aliingia, akaeleza habari yake kwa Kiswahili, bila kiapo kirefu na bila kitabu cha ushahidi. Meneja akaeleza yake. Kamati ya wafanyakazi ikaulizwa ilisema nini siku ile. Na shauri likaamuliwa. Asiyeridhika alikata rufani kwa Waziri, na uamuzi wa Waziri ulikuwa wa mwisho. Milango miwili ilifungwa na sheria hiyo kwa makusudi: korti haikuruhusiwa kusikiliza daawa ya mtu aliyefukuzwa kazi iliyoangukia chini ya sheria ile, na wakili hakuruhusiwa kuingia barazani. Hoja ya waliofunga haikuwa ya kipuuzi. Wakili wakati huo alikuwa mtu wa matajiri. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 tu, katika jengo la chama tawala, TANU, mtaa wa Lumumba, na kabla ya hapo Waafrika wa Tanganyika waliosomea sheria walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kumruhusu wakili barazani kungekuwa kumpa mwajiri ulimi wa kukodi na kumwacha mfagizi na ulimi wake. Mimi sioni haya kusema kwamba, kwa mfagizi wa mwaka 1965, baraza lile lilikuwa bora kuliko korti yoyote aliyopata kuijua baba yake.

Kasoro ilijitokeza polepole, na ilikuwa na kejeli ndani yake. Sheria ile haikuwagusa wenye vyeo vya juu katika uongozi wa kazi. Kwa hiyo meneja aliyefukuzwa alibaki na haki yake ya zamani ya kwenda kortini na wakili, akadai fidia ya mkataba, wakati mpishi wa kantini yake aliyefukuzwa siku moja naye alikuwa na baraza, Waziri, na basi. Fauka ya hayo, Azimio la Arusha la 1967 lilipozitia njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, mwajiri mkubwa akawa serikali na mashirika yake. Afisa kazi aliyekaa katikati ya meza alikuwa wa serikali. Shirika lililoshtakiwa lilikuwa la serikali. Chama kilichomsemea mshtaki kilikuwa jumuiya ya chama tawala. Na rufani ilikwenda kwa Waziri. Mwaka huo huo iliundwa Mahakama ya kudumu ya migogoro ya kazi kwa ajili ya migogoro mikubwa na mikataba ya hiari, nayo ilitakiwa iangalie maslahi ya uchumi wa taifa kabla ya kuidhinisha nyongeza yoyote. Wafanyakazi walionyesha walivyoielewa hali hiyo baada ya TANU kutoa Mwongozo wa 1971, uliowakemea viongozi wenye kiburi: viwandani kazi zilisimama, mameneja wakafungiwa milango, na mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikishika kiwanda wenyewe, hadi dola ilipowaondoa.

Mawakili katika miaka hiyo waliingia kwa dirisha. Waziri akiwa ameamua bila kumsikiliza mmoja wa wagomvi, au baraza likiwa limepita mipaka yake, wakili aliiomba Mahakama Kuu ifute uamuzi ule, si kwa sababu ulikuwa mbaya bali kwa sababu ulipatikana kwa njia isiyo halali. Na kwa mlango mwembamba huo sanaa nzima ya kesi za kazi ikahifadhiwa kama mbegu ndani ya kibuyu. Walioihifadhi zaidi ni watu wa chuo kikuu. Issa Shivji, ambaye kitabu chake cha 1986 juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania bado ni cha kwanza kufunguliwa na mwenye kutaka kuijua kadhia hii, aliwafundisha wanafunzi kuisoma sheria ya kazi kama historia, na kamati ya msaada wa sheria ya kitivo iliwapokea watu waliokuja na barua zao za kufukuzwa zilizokunjwa mara nne.

Kenya ilishika njia nyingine. Baada ya serikali, waajiri na vyama kutia saini mkataba wa uhusiano kazini mwaka 1962, iliundwa Mahakama ya Viwanda mwaka 1964, na Saeed Cockar akawa jaji wake kwa miaka mingi, akitoa hukumu zilizoheshimiwa na pande zote mbili. Wasemaji wake hasa walikuwa makatibu wa vyama na maofisa wa shirikisho la waajiri, na kati yao walitokea watu waliojua kujenga hoja kuliko mawakili wengi. Kibachia mwenyewe, aliyekaa Baringo miaka kumi kwa kosa la kuwasemea wenzake, baada ya uhuru alifanya kazi katika wizara ya kazi kama mpatanishi wa migogoro.

Turudi Tanzania. Haki za binadamu ziliandikwa katika Katiba mwaka 1984 na zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988, zikiwa na kifungu kinachompa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufani. Tangu siku hiyo, kila sheria iliyosema kwamba uamuzi wa Waziri au wa chombo fulani ni wa mwisho ilikuwa na wakili anayeitazama. Kisha likaja wimbi la ubinafsishaji. Mashirika yaliuzwa, watu wakapunguzwa kazini kwa mamia, na aliyekuwa na umri wa miaka 50 akajikuta na hundi ya kiinua mgongo ambayo hakujua ilivyokokotolewa. Wakili wa kazi, kama mtu wa fani yake mwenyewe, amezaliwa katika miaka hiyo ya kupunguzwa.

Shauri lililojulikana na wengi katika zama hizo lilikuwa la wastaafu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ile ilipovunjika mwaka 1977, reli, bandari, posta na ndege zake zilibaki na watumishi waliokatwa akiba na pensheni kwa miaka. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alipatanisha mgawanyo wa mali, na mapatano yaliyotiwa saini Arusha mwaka 1984 yakaipa kila nchi dhima ya kuwalipa watu wake. Wa Tanzania walingoja. Mwaka 2003 zaidi ya 31,000 kati yao walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki serikali, na mwaka 2005 pande mbili zikatia saini mapatano ya malipo; lakini mapatano nayo yalizaa ubishi mpya, kwamba ni nini hasa kilicholipwa na nini kilichobaki, na kwa miaka kadhaa wazee wale, wengine na mikongojo yao, walionekana wakikaa barabarani Dar es Salaam kudai kilichosalia, wakati wenzao wakizidi kuzikwa. Aliyeshiriki katika shauri la namna hiyo hujifunza kwamba hukumu ni nusu ya kazi ya wakili, na nusu iliyo ngumu zaidi ni kuitekeleza.

Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini ya 2004, pamoja na ndugu yake ya Taasisi za Kazi, iliufuta mpango wote wa 1964 na kufuata kwa sehemu kubwa mfano wa Afrika Kusini ya 1995. Mwajiri ndiye atakayethibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na kwamba alifuata utaratibu wa haki. Anayeshindwa aweza kuamriwa kumrudisha mtu kazini, au kumlipa fidia ambayo sheria ya 2004, kama ilivyotungwa, iliiwekea kima cha chini cha mshahara wa miezi 12. Kenya, katika sheria yake ya 2007, idadi hiyo hiyo ya miezi 12 ndiyo iliyo kikomo cha juu, na sina shaka kwamba tofauti hiyo moja imeziongoza nasaha za mawakili wa nchi mbili hizi kuliko nadharia zote. Tume ilianza kupokea mashauri mwaka 2007, na katika kifungu cha uwakilishi mbele yake wakili ametajwa kwa jina, pamoja na mtu wa chama na mwakilishi binafsi.

Pamoja naye zimekuja desturi zake. Shauri hufunguliwa kwa Fomu Na. 1, karatasi ambayo watungaji wake bila shaka walitaka hata mlinzi wa usiku aweze kuijaza. Ina Sehemu B, inayojazwa na mwenye kulalamikia kuachishwa kazi tu. Mlalamikaji wa kuvunjiwa mkataba akiijaza kwa bahati mbaya, au wa kuachishwa akiiacha wazi, wakili wa upande wa pili huinuka na pingamizi, na ziko hukumu kadhaa za Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, zilizoandikwa juu ya vyumba hivyo vya fomu kwa uangalifu ambao mkata mkonge wa 1945 angeutamani kwa vyumba vya kadi yake. Aliyeachishwa ana siku 30 za kuleta malalamiko. Aliyechelewa, labda kwa kuwa alikuwa akifuata ahadi za meneja, lazima kwanza aombe asamehewe kuchelewa na atoe sababu ya kila siku iliyompita. Usuluhishi ukishindikana shauri huenda kwa mwamuzi, kutoka hapo kwa marejeo Mahakama Kuu, na kwa hoja ya sheria hadi Mahakama ya Rufani. Hadi mwaka 2021, Bunge lilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, mengi ya maandishi hayo yalikuwa kwa Kiingereza, na mdai alimsikiliza mtu akimsemea asijue anasema nini.

Gharama hazilipishwi katika mashauri haya, ila pale daawa ilipokuwa ya upuuzi au ya kuudhi tu. Ni kanuni njema, inayomwondolea mfanyakazi hofu ya kushindwa, lakini maana yake ni kwamba ujira wa wakili hutoka katika tuzo yenyewe. Kwa meneja wa benki mwenye mshahara mkubwa hesabu hiyo inakwenda. Kwa mtumishi wa nyumbani haiendi, na kwa aliyefanya kazi chini ya miezi sita, ambaye sheria haikumpa kinga ya kuachishwa isivyo haki, haianzi. Kwa hiyo mawakili wengi wa fani hii huishi kwa mafaili ya waajiri, na pale Tume, asubuhi ya kawaida, kwa mkata miwa au mshonaji wa kiwandani msemaji aghalabu si wao. Ni katibu wa tawi la chama, mwenye shati la mikono mifupi na faili la kamba, ambaye alikuwako kiwandani siku mtu wake alipoitwa ofisini, anayewajua mashahidi kwa majina ya watoto wao, na ambaye akiulizwa na mwamuzi kwamba kikao cha nidhamu kilikaa saa ngapi, humjibu kabla wakili wa upande wa pili hajamaliza kufunua karatasi.